Bibi ya Star

Mtu wa kwanza kunifunga tai shingoni alikuwa mwanamke ambaye, kabla yangu, alikuwa akimfunga tai mwanamuziki ambaye nchi nzima inacheza nyimbo zake. Nilikuwa naondoka Kapata, mtaa wetu wa Kolwezi, kwenda Lubumbashi kusoma, mtoto wa mfanyakazi wa kawaida wa kampuni ya mgodi, bila mjomba mkubwa, bila padri wa kuniombea nafasi. Aliniona nikipita mbele ya ua wake na begi, akaniita, akanitazama kama mshonaji anavyotazama kitambaa alicholetewa.

"Weye, utaenda ku université na hii kamba ya kufungia kuku? Kuya hapa."

Nikaenda. Alinifunga upya, akanipiga kifuani kwa kiganja, akasema sasa naweza kwenda kudanganya maprofesa. Tangu siku ile nimesimama na tai mbele ya walimu wa Ulaya, wakurugenzi wa Kichina na waziri mmoja aliyekuja kufungua mtambo niliousimamia mimi, na fundo ni lile lile. Diploma yangu ya uhandisi wa umeme imetundikwa sebuleni, katika nyumba ya ghorofa niliyoijenga kwa jasho langu. Anayepita barabarani anaiona ghorofa hata kama haioni diploma. Nayasema haya ili msomaji ajue kwamba huyu ninayemweleza nilimjua kabla sijawa mtu, na nikaendelea kumjua baada ya kuwa mtu.

Kapata nzima ilimwita Bibi ya Star. Katika Kiswahili chetu cha Katanga bibi si mama wa mama. Bibi ni mke. Na hapo ndipo ilipokuwa shida, kwa sababu mke hakuwahi kuwa. Alikaa na yule mwanamuziki Kinshasa, akakaa naye Ulaya, akamzalia binti, lakini hakuna mtu wa upande wa mwanaume aliyewahi kufika Kapata, kuketi mbele ya baba yake na kutoa mahari, ambayo sisi huita dot. Wanawake wa mtaa walipokuwa na amani naye walimwita Bibi ya Star. Walipogombana naye kwenye bomba la maji walimwita bibi ya bure. Neno hilo peke yake ndilo lililomfanya aweke ndoo chini.

Alikuwa mrefu, na alitembea kama mtu anayejua kwamba nyuma yake kuna kamera. Kwenye safu zetu za nyumba za kampuni, ambako vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye sukari, yeye alivaa viatu vya kisigino. Jumapili ya mvua alikwenda kanisani na kandambili, viatu vikiwa kwenye mfuko wa plastiki, akavibadilisha mlangoni kwa kumshikilia bega mtu yeyote aliyekuwa karibu, hata kama ni shemasi. Kifaransa chake kilikuwa cha Ulaya hasa. Najua ninachosema, kwa sababu nami nimekaa huko. Lakini alipokasirika Kifaransa kilimwacha, akarudi kwenye Kiswahili cha bomba la maji.

Aliishi kwa kupika. Alikuwa na kibanda cha bati kando ya barabara ambako malori ya shaba hupanga foleni, na madereva walikula kwake bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, dagaa wa kapenta, wakati mwingine samaki wa kukaanga. Kibanda kilikuwa na sheria moja: hakuna muziki. Redio ilikuwepo, kwa ajili ya habari na ya mahubiri, ila wimbo ukianza tu mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kitufe.

Nakumbuka dereva mmoja mwenye tumbo kubwa, mgeni hapa, aliyekuwa ameambiwa na wenzake yule mama ni nani.

"Mama, weka basi musiki kidogo," alisema. "Ya bwana yako."

"Bwana yangu njo hii bukari. Unakula ao unacheza?"

Watu wakacheka. Dereva, kwa kuwa alichekwa, akatafuta pa kumchoma. "Hata vile ule star yako alisha kwisha. Sasa anaimba na pua."

Nilidhani angefurahi. Mwanaume yule alikuwa amemharibia maisha, na hapa alikuwapo mtu wa kumtukana bila malipo. Badala yake aliiondoa sahani mbele ya dereva, samaki akiwa bado hajaguswa.

"Ku meza yangu hapana tukana kazi ya mutu. Weye ukiendesha lori, kuko mutu anakuyaka kukuambia unaendesha na matako?"

Dereva aliomba msamaha ndipo akarudishiwa sahani. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Muziki wa yule bwana hakutaka kuusikia, na mtu wa kuusema vibaya pia hakutaka kumsikia.

Alikuwa na swali lake moja ambalo alimuuliza kila aliyelalamika, awe amefukuzwa kazi kwenye mgodi, awe ameibiwa simu. "Ulisha kulala ku aéroport?" Ukijibu hapana, alikuambia basi bado uko na bahati, na akakuongezea mchuzi. Siku moja nilimjibu kwamba mimi nimelala kwenye viwanja vya ndege vingi. Akaniuliza, "Ukiwa na tiketi?" Nikasema ndiyo, mkononi. "Basi hukulala ku aéroport. Ulipumzika."

Yeye alilala bila tiketi. Ilikuwa baada ya ziara ya Ulaya. Bendi nzima ilikuwa imepanga mstari na masanduku, na ilipofika zamu yake msichana wa dawati akatafuta jina lake na kulikosa. Alimtazama mwanaume wake, naye akasema atalishughulikia, akapita upande wa pili na miwani yake myeusi, ndege ikaondoka. Binti yao alikuwa bado ananyonya. Walikaa kwenye viti vya chuma, wakinawa kwenye vyoo vya abiria, mpaka mama mmoja wa kwetu aliyekuwa akifagia pale aliposikia anamwimbia mtoto kwa Kiswahili, akawachukua kwake. Yeye alisimulia jambo hili akichekacheka. Alikuwa na namna ya kumuiga msichana wa dawati, kidole kikishuka kwenye karatasi, mpaka nawe unacheka.

Niseme jambo la jina lake, kwa maana bila hilo mtu wa nje hawezi kuelewa yaliyokuja baadaye. Wanamuziki wetu hutaja majina ya watu katikati ya nyimbo. Wanaotajwa ni matajiri, wafanyabiashara, wabunge na wapenzi. Kwa Kilingala huko kunaitwa kutupa libanga, na libanga maana yake halisi ni jiwe. Anatupiwa mtu jina lake kama jiwe, likidondoka watu wote wanageuka. Yule star alimtupia jirani yangu jina katika wimbo ambao kila mtu alioa nao na kuzikwa nao. Niliusikia ukipigwa Ulaya, kwenye sherehe ya wanafunzi, nikasimamisha watu kuwaambia kwamba huyo anayetajwa tunachota maji bomba moja. Waliniita mwongo.

Baadaye, jukwaani, pale pale penye jina lake aliweka jina la mfanyabiashara wa almasi, kisha la mwanamke mwingine, kisha la mwingine tena. Lakini baa za Kapata ziliendelea kupiga wimbo wa zamani, na ulipofika mahali pale walevi waligeukia upande wa nyumba yake na kulipaza jina kwa pamoja. Yeye alifunga dirisha.

Mara moja nilimuuliza alijisikiaje siku ya kwanza. "Nilikuwa nakaanga samaki," alisema. "Hakuna mutu alinielezea. Nilisikia ku radio kama bantu bote. Samaki iliungua." Kisha akaongeza, "Nilikuwa na furaha, usifikiri. Nilikula ile samaki ya kuungua na furaha."

Juu ya jicho la kushoto alikuwa na kovu. Wanawake wa soko waliambiwa ni ajali ya gari Ulaya. Pasta aliambiwa kwamba chuma cha maikrofoni kilimwangukia. Mama yangu, ambaye alimletea uji wiki zile za kwanza aliporudi, ndiye aliyeambiwa ukweli, na mama yangu alinyamaza nao mpaka mwenyewe aliposema hadharani. Nitafika hapo.

Wakati mmoja alikunywa. Nilikuwa nasoma wakati huo, ila nilirudi likizo na kuona. Alikunywa lutuku, ile pombe ya mahindi inayopikwa kwenye madumu, na alipolewa alitembea ule mwendo wake wa kamera mpaka mahali anapoanguka. Watoto wa Kapata waligeuza jambo hilo mchezo. Mmoja anakuwa Bibi ya Star, anapita akitikisa kiuno, anaanguka, wengine wanapiga makofi. Alasiri moja alitoka nyumbani akaukuta mchezo unaendelea, na aliyekuwa Bibi ya Star siku hiyo alikuwa binti yake mwenyewe. Mtoto alikuwa anamuiga vizuri kuliko wote. Mama yangu aliona kutoka kibarazani kwetu. Anasema yule mama alisimama, akacheka pamoja na watoto, akampigia makofi mwanawe, akaingia ndani. Lutuku hakuigusa tena. Hakwenda kuungama wala hakuapa mbele ya kanisa, na mtu akimuuliza alisema tumbo lake limeikataa.

Kwa hiyo binti ndiye aliyekuwa maisha yake. Alimsomesha kwa bukari ya madereva mpaka akawa muuguzi, na hapo nakubali kwamba Kapata imetoa zaidi ya mtu mmoja. Walilala chumba kimoja, walitumia losheni moja, waligombana kila asubuhi kuhusu nywele. Jambo moja tu hawakulizungumza. Binti aliufahamu ule wimbo kama kila mtu. Aliweka picha za baba yake kwenye simu, alizozitoa mtandaoni, na mama alijifanya hazioni.

Kijana wa Lubudi alipokuja kumchumbia, mtu wa reli, wa familia ya wakulima wenye heshima, wazee wake waliuliza swali la kawaida: baba yake nani atakayeketi kupokea dot? Hapo binti alimpigia baba yake simu bila kumwambia mama. Na yule bwana, ambaye hakuwahi kununua hata daftari, alikubali. Alikuwa na tamasha Kolwezi juma hilo hilo.

Siku ya dot mimi ndiye niliyekuwa porte-parole, msemaji wa familia ya mwanamke. Haikuwa kazi ya kugombaniwa; Kapata nzima ilijua nani ana Kifaransa, nani ana tai, nani amesafiri. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Tulikuwa na turubai, viti vya plastiki, wageni wa Lubudi upande mmoja, sisi upande wa pili, na katikati kiti kilichofunikwa kitenge, kiti cha baba.

Star alifika kwa magari meusi yenye vioo vyeusi, na mpiga picha wa video akitembea kinyumenyume mbele yake. Watoto walipiga kelele mpaka ng'ambo ya reli. Ni lazima niseme ukweli, mtu yule ana uso unaokufanya utake kutabasamu. Alimkumbatia binti yake, binti akalia kwenye koti lake, na nusu ya wanawake pale walilia naye. Alikuwa anaelekea kwenye kiti.

Ndipo mzee wetu alipoweka fimbo yake mbele ya kiti. Huyu alikuwa baba mdogo wa Bibi ya Star, aliyeshika nafasi ya baba yake marehemu, mtu aliyeacha ujana wake kwenye mashimo ya mgodi wa Mashamba.

"Polepole, mutoto yangu. Hiki kiti ni ya baba. Mutu hapana kula dot ya mutoto kama hakutoa dot ya mama."

Ndivyo ilivyo kwetu, kutoka Kasai mpaka Katanga. Ambaye hakumlipia mama, mtoto si wake wa kumwozesha. Star alitabasamu, akamwekea mzee mkono begani.

"Papa, mais nilimupenda. Dunia yote inajua. Nilimutupia libanga mu chanson!"

"Libanga, njo nini?" mzee aliniuliza.

"Ni jiwe, tata. Kwa Kilingala."

Mzee alifikiri. "Mutoto yangu, hapa ni Kolwezi. Mabwe tunachimba tangu kuzaliwa. Bachina banatoka mbali kufuata mabwe yetu. Shiye tunaomba mbuzi."

Turubai lote lilicheka, hata mpiga picha. Star naye alicheka, kwa sababu anajua kupoteza vizuri mbele ya kamera, akawatuma watu wake sokoni. Wageni wa Lubudi wakapewa karanga na soda wasubiri. Mchana magari yalirudi na mbuzi dume mkubwa, vitenge, chumvi, suti ya mzee na vingine vinavyotakiwa. Mzee alivaa koti la suti hapo hapo juu ya shati lake, akauliza kama limemkaa.

Sasa kila mtu alijua kilichobaki. Mwanamke huulizwa mbele ya watu kama familia yake ipokee vile vitu, na neno linalotumika ni kula. Asipoitika, hakuna kula. Akiitika, yeye ni mke wa yule mtu kuanzia pale, kwa desturi, mbele ya Mungu na wajomba. Bibi ya Star angepata siku moja kile alichokosa ujana wake wote. Binti angepata baba kwenye kiti. Neno bibi ya bure lisingesemwa tena kwenye bomba. Shangazi wawili walikuwa wameshamtoa nje, wamemkalisha kwenye mkeka karibu na mwanawe.

Nilisimama, nikakaza fundo la tai. "Mama, bitu njo hii. Tukule?"

Aliinamisha uso. Kwetu mwanamke akiinamisha uso ameona haya, na aliyeona haya amekubali, kwa hiyo shangazi walipiga vigelegele, mzee akashika kamba ya mbuzi, na mtu mmoja nyuma akaanza ngoma. Nilinyanyua mkono kuwanyamazisha, maana desturi inataka swali lirudiwe, na mimi nikipewa kazi naimaliza.

"Mama, tukule?"

Alimtazama binti yake. Binti alikuwa amemshika mkono, na niliona midomo yake: itika, mama, itika.

"Mama. Tukule?"

Akasimama.

"Bitu ya mutoto yangu, mukule," alisema. "Ile bantu ya Lubudi balikuya na heshima. Mais hii mbuzi, apana. Mukikula hii mbuzi, mutakula na kinywa changu. Kesho nikisema huyu mutu alinipiga, mutaniambia, nyamaza, ni bwana yako, tulisha kula." Akagusa kovu. "Huyu mutu alinipiga. Na chupa."

Star alivua miwani. Bila miwani alikuwa na macho ya mtu ambaye hajalala vizuri kwa miaka.

"Chérie," alisema kwa sauti ndogo, "mbele ya bantu?"

"Ulinipiga mbele ya bantu. Orchestre yote ilikuwa pale."

Mpiga picha aliteremsha kamera yake bila kuambiwa. Sisi sote tukamtazama mzee. Alikuwa bado ameshika kamba, na suti mpya mwilini, na nadhani hakuna suti iliyowahi kumkaa vizuri kama ile. Alimtazama mtoto wa kaka yake kwa muda. Halafu akaanza kuvua koti, mkono mmoja, mkono mwingine, akalikunja kwa uangalifu akaliweka juu ya vile vitenge.

"Mubebe mbuzi yenu," alisema.

Wakambeba. Mbuzi aliingizwa kwenye gari jeusi, akatoa kichwa dirishani akilia, na Kapata ikacheka tena, kwa sababu Kapata haiwezi kujizuia. Binti hakucheka. Mzee aliketi kwenye kiti cha baba akiwa na shati lake, tukaanza upya na watu wa Lubudi, na nilipomuuliza binti kama tule, alijibu kwa sauti ambayo ilibidi niirudie mimi ili watu wasikie. Hakumtazama mama yake. Hotuba yangu ilibaki mfukoni. Ninayo hadi leo, na ni nzuri.

Baada ya harusi binti alihamia Lubudi. Mama alimpigia kila Jumapili baada ya ibada, amekaa kwenye ngazi ya kanisa akiwa na viatu vyake vya kisigino, na simu iliita mpaka ikachoka. "Eko na kazi," alituambia. "Hospitali inakuwaka na bagonjwa mingi Jumapili." Mtaa uligawanyika. Wako waliosema ameua bahati ya mtoto kwa kiburi cha wazungu. Wako wengine, na hasa wale waliokuwa na makovu yao wenyewe, walioacha kabisa kutamka bibi ya bure, na walipofika bombani walimpisha mbele. Yeye hakuonekana kujali upande wowote. Alipika. Kibandani alianza kusahau vitu. Alimwekea mtu chumvi mara mbili, akaacha wimbo ukaisha redioni bila kuuzima.

Mimi maoni yangu ni haya, na nimewaona watu wengi wenye vyeo wakiulizwa maswali mepesi zaidi: sijaona mtu mwingine aliyekataa hadharani kitu alichokitamani maisha yake yote. Lakini alilipa. Sote tulimwona akilipa.

Mara ya mwisho kumwona kwa kirefu ilikuwa siku niliyompeleka Lubudi. Aliyempigia simu alikuwa mkwe wake, si binti. Alisema mkewe amekaribia kujifungua, miguu imevimba, na hataki kusema lakini analia. Nina jeep nzuri, ya magurudumu manne, yenye hewa ya baridi. Nikamwambia hatapanda lori la mtu wakati mimi nipo. Alikuja na bunda la vitenge, unga wa uji na sabuni ya mtoto, akaliweka magotini njia nzima ingawa nyuma kulikuwa na nafasi ya kulaza ng'ombe.

Tulipishana na malori ya shaba. Karibu na mwisho wa safari akauliza, "Na akifunga mulango?"

"Nitapiga honi mpaka afungue."

"Honi yako ni ya bachauffeur ya malori, mutoto. Ule ni mwanangu."

Aliniomba nisimamishe gari kabla ya nyumba, afike kwa miguu. Nikambebea bunda. Binti alikuwa nje kwenye benchi fupi la mbao, tumbo limejaa, akichambua maharagwe kwenye sinia lililojaza nafasi iliyobaki ya benchi. Alituona tangu mbali na hakusimama.

"Jambo, mama."

"Jambo, mwanangu. Unaendelea?"

"Naendelea."

Alitupa jiwe dogo, akatupa lingine. Mama alibaki amesimama juani, mikono yake haina pa kukaa.

"Nilimutelefonia papa," binti alisema, macho kwenye sinia. "Nilimuambia mutoto anakuya. Nilimuomba akuye kumuona."

"Na alisema nini?"

"Alisema hawezi. Eko na répétition."

Mazoezi. Mwanaume yule hajawahi kufika kwenye mazoezi yoyote kabla bendi haijakata tamaa. Kinshasa yote inalijua hilo, ameimba mwenyewe kujitania. Binti alinyanyua uso, akangoja. Hata mimi nilingoja. Neno la kumsema yule bwana lilikuwa pale mdomoni mwa mama tayari, na alikuwa na haki nalo yote, na baada ya kimya cha miezi ile hakuna ambaye angemlaumu.

"Labda ni kweli," mama alisema. "Mbele ya concert anakuwaka na mambo mingi. Atakuya mutoto akisha kuzaliwa."

Binti alimtazama, akamtazama tena, kama muuguzi anayesoma kipimo asichokiamini.

"Mama, unasema bongo, unanidanganya."

"Ee," alijibu. "Nasema bongo."

Kicheko kilimtoka binti bila kutaka, kikamchoma kiunoni, akajishika mgongo kwa mkono mmoja. Kwa ule mwingine aliliinua sinia la maharagwe, akaliweka magotini, akasogea, akaacha nafasi ya mtu mmoja.